Mchoro wa bendi peke yake si ushahidi: kuhusu supakondakta za chuma

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Makala ya sayansi iliyotoka kwenye gazeti lako kuhusu chuma kinachopitisha umeme bila hasara imesomwa sana hapa Mwanza, na wanafunzi kuanzia Nyegezi hadi Ilemela bado wanabishana juu yake. Tunapongeza gazeti la Kiswahili kuligusa somo hili. Tatizo letu ni ule mchoro wa rangi uliowekwa katikati ya ukurasa, na maelezo ya chini yake kwamba kompyuta "imethibitisha" kuwa chuma hicho ni cha kitopolojia, yaani bendi zake za elektroni zimefungana kama fundo lisilofunguka kirahisi. Mchoro wa bendi za elektroni uliotoka kwenye hesabu ya kawaida (ile ya wingi wa elektroni, DFT) haujathibitisha kitu kuhusu supakondakta za chuma mpaka msomaji aelezwe ulivyopatikana. Tutaeleza sababu kwa kirefu kidogo, kwa kuwa hesabu yenyewe inaweza kufanyika hapa hapa Mwanza kwenye kompyuta ya mezani, na wapo wanaoianza sasa kwa kufuata mwongozo wowote waliouokota mtandaoni.

Kwanza tuweke sawa mambo mawili. Chuma kinachozungumzwa si nondo wala bati. Chuma kitupu huwa supakondakta pale tu kinapobanwa kwa shinikizo la gigapaskali 15 hadi 30, na hata hapo ni kwenye kelvini 2 hivi (kelvini ni kipimo cha joto kinachoanza kuhesabu kwenye baridi ya mwisho kabisa). Makala ilipaswa kutaja misombo. Kundi la Hideo Hosono, Tokyo, lilianza mwaka 2006 na mchanganyiko wa lanthani, chuma, fosforasi na oksijeni, uliogeuka supakondakta kwenye kelvini 4 hivi, na watu wachache waliushtukia. Mwaka 2008 kundi hilohilo likaweka aseniki mahali pa fosforasi na kuongeza florini kidogo, joto likafika kelvini 26. Kabla mwaka haujaisha, wenzao wa China walikuwa wameweka samariamu mahali pa lanthani na kufika kelvini 55, na maabara moja ya Taiwan ilikuwa imeonyesha kwamba selenidi ya chuma, FeSe, inafanya kazi hiyohiyo kwenye kelvini 8 bila aseniki yoyote.

Namba hizo zingeandikwa pia kwa nyuzi za Selsiasi, wasomaji wengi wangeelewa mara moja kwamba habari hii haihusu nyaya za nguzo za mtaani. Kelvini 55 ni nyuzi 218 chini ya sifuri. Kelvini 8 ni nyuzi 265 chini ya sifuri. Friza za viwanda vya minofu ya sangara, ambazo watu wa kanda hii wanazifahamu, ziko kwenye nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri. Hata naitrojeni ya kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, haitoshi kwa hata moja ya misombo hiyo. Inahitajika heliamu, na ndiyo maana gesi iliyotangazwa kugunduliwa Rukwa mwaka 2016 inahusiana na mada hii kuliko migodi ya chuma inavyohusiana nayo.

Jambo la pili ni la usalama. Makala iliita malighafi hizi "za kawaida". Mvuke wa aseniki unaua. Selenidi ikikutana na asidi, au seleniamu ikipashwa moto pamoja na hidrojeni, inatoa gesi yenye sumu kali. Fuwele hizi hupikwa ndani ya mirija ya kwatzi iliyotolewa hewa na kuzibwa, tena aghalabu mrija ndani ya mrija, kwa sababu ule wa ndani mara nyingi hupasuka wakati wa kupoa. Asijaribu mtu kuzipika kwenye karakana ya kuchomelea.

Sasa kwenye bendi. Atomu moja ina viwango vya nishati vilivyotengana. Atomu zikipangwa kwa mamilioni katika fuwele, kila kiwango kinatanuka na kuwa bendi, na nishati ya elektroni inategemea mwelekeo na ukubwa wa momenta yake, ambayo tunaiandika k. Katika supakondakta za chuma, atomu za chuma zimejipanga kwenye tabaka la miraba, na atomu za aseniki, seleniamu au teluriamu zinakaa kwa zamu, moja juu ya tabaka na inayofuata chini yake. Kwa sababu ya zamu hiyo, seli ndogo kabisa ya fuwele inabeba chuma mbili badala ya moja. Kila chuma kimebaki na elektroni 6 kwenye obiti zake 5 za d (maumbo ya wingu la elektroni), na zinazofika karibu na kiwango cha Fermi, yaani nishati ambayo elektroni zimejaa hadi hapo, hasa ni tatu: dxz, dyz na dxy. Katikati ya kanda ya Brillouin (eneo la thamani zote za k), kwenye nukta Γ, bendi zinapinda kwenda chini na kuacha vifuko vya mashimo, yaani nafasi zisizo na elektroni. Pembeni, kwenye nukta M, zinapinda kwenda juu na kubeba vifuko vya elektroni. Vifuko hivyo ni vidogo sana. Katika FeSe kina chake ni milielektronivolti (kipimo kidogo cha nishati) kumi hivi au makumi machache, na msomaji aikumbuke namba hiyo, kwa maana ndiyo inayoharibu hesabu nyingi.

Topolojia inaingia kwa mlango mwingine. Juu ya bendi hizo za chuma kuna bendi ya obiti ya pz ya seleniamu au teluriamu. Kwenye Γ bendi hiyo iko juu, haina elektroni. Ukisogea kutoka Γ kwenda Z, yaani wima kukatiza matabaka, inashuka. Katika FeSe inashuka kidogo tu. Ukiongeza teluriamu inashuka sana, kwa kuwa atomu ya teluriamu ni kubwa na obiti zake za p zinafikiana kutoka tabaka moja hadi jingine. Ikizidi kushuka inazikata bendi za d katikati ya njia. Obiti ya pz hugeuza alama fuwele inapopinduliwa kupitia kitovu chake, wakati hizi bendi za d hazigeuzi. Kwa hiyo kilichokuwa chini kwenye Γ na kilichopo chini kwenye Z vina alama tofauti, au kwa jina lake pariti tofauti, na mabadilishano hayo ndiyo yanayoitwa mpinduko wa bendi.

Mwingiliano wa spini (usumaku mdogo wa kila elektroni) na obiti unazigawa dxz na dyz kuwa matawi mawili. Pale pz inapokutana na tawi la chini, pengo linafunguka, na hapo ndipo hali ya kihami-topolojia inapatikana, yaani pengo ndani na elektroni zinazopita usoni. Pale inapokutana na tawi la juu hakuna pengo, kwa sababu ulinganifu wa kuzungusha fuwele nyuzi 90 unayakataza mawili hayo kuchanganyika, na zinabaki nukta za Dirac, ambako bendi mbili zinagusana, juu kidogo ya kiwango cha Fermi. Kitu kimoja, topolojia mbili, zimetengana kwa tofauti ndogo ya nishati. Makala ilizichanganya zote kama moja.

Mvuvi anajua kwamba fundo la wavu halitoki kwa kuuvuta wavu huku na huku; litatoka uzi ukikatwa. Topolojia ya bendi ni hivyo hivyo, na kukata uzi hapa maana yake ni kufunga pengo. Matokeo yake ni kwamba juu ya uso wa fuwele lazima ziwepo elektroni zenye bendi ya umbo la koni, spini zao zikifuata mwelekeo wa mwendo wao. Ndani ya fuwele ikiwa ni supakondakta, koni hiyo nayo inaambukizwa. Liang Fu na Charles Kane walieleza mwaka 2008 kwamba uso wa namna hiyo ukipenywa na uga wa sumaku, ndani ya kila voteksi (kizungu chembamba ambamo uga huo unapita) kunaweza kukaa hali ya Majorana, yaani hali ambayo ni kinyume chake yenyewe, yenye nishati sifuri. Chuma kina mvuto wa pekee hapa kwa sababu fuwele moja inatoa vyote viwili, topolojia na supakondakta, bila kubandika kitu juu ya kingine.

Tuje kwenye hesabu, kwa maana hapo ndipo watu wanapotea. Programu ya Quantum ESPRESSO, inayokokotoa bendi za elektroni, ni ya bure na inakwenda kwenye Linux. Kwa seli ya atomu nne, kompyuta yenye viini 8 na ramu ya GB 16 inatosha. Ukianza na FeSe, upande a wa seli ni angstromu 3.77 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), urefu c ni 5.52, na mahali pa seleniamu z ni 0.267 ya urefu huo, yaani seleniamu iko angstromu 1.47 juu ya tabaka la chuma.

Kosa la kwanza liko kwenye kuandika mahali pa atomu. Kundi la ulinganifu la fuwele hii, P4/nmm, lina vianzio viwili vinavyotumika vitabuni. Wengi wanakopi kile kinachoweka chuma kwenye 0, 0, 0 kwa sababu kinapendeza. Lakini hapo kitovu cha kupindulia hakipo kwenye kianzio, na kazi ya kusoma pariti inakuwa na usumbufu usio wa lazima. Weka chuma kwenye 3/4, 1/4, 0 na 1/4, 3/4, 0. Seleniamu kwenye 1/4, 1/4, z na 3/4, 3/4, -z. Fuwele ni ileile, ila kitovu sasa kiko kwenye sifuri.

La pili ni kubwa zaidi: usiiache programu itafute yenyewe mahali pa seleniamu. Ukiiruhusu ilegeze atomu bila usumaku, itaishusha seleniamu kwa sehemu moja ya kumi ya angstromu au zaidi kuliko ilivyopimwa kwa mionzi. Inaonekana kidogo, lakini bendi za dxy na pz zinahama kwa kiasi kinachozidi lile pengo tunalolitafuta. Wanafunzi wanafundishwa kila mahali kwamba kulegeza atomu ni uadilifu wa kazi, na kwa vitu vingi ni kweli. Kwa chuma hiki tumia urefu uliopimwa, na uandike wazi kwamba umefanya hivyo. Wengine wanakimbilia kuwasha usumaku ili urefu urudi sawa. Utarudi, na nishati itashuka, ila utakuwa umehesabu kitu ambacho hakipo: FeSe kwenye shinikizo la kawaida haina mpangilio wa sumaku. Inachofanya ni kugeuka umbo kwenye kelvini 90, miraba ikawa mistatili, kisha kuwa supakondakta kwenye kelvini 8 au 9. Tena usumaku ukiwaka, ulinganifu wa kurudisha muda nyuma unavunjika, na ile topolojia iliyotangazwa na makala inakosa maana.

Potensho bandia za atomu, yaani faili zinazoiwakilisha kila atomu kwenye hesabu, lazima ziwe zile zilizotengenezwa kwa rilativiti kamili. Unaweza kuwasha noncolin na lspinorb, ambazo ni amri za programu za spini na obiti, hesabu ikaenda mpaka mwisho, mchoro ukatoka safi, lakini kama potensho ni za kawaida hakuna mwingiliano wa spini na obiti ndani yake na pengo halitaonekana. Namna ya kukagua ni rahisi: angalia bendi za dxz na dyz kwenye Γ. Bila mwingiliano zimelala pamoja, ukiwepo, zimeachana. Kwa potensho za aina ya PseudoDojo, kila chuma kinaleta elektroni 16 na kila seleniamu 16, jumla 64. Programu itaiandika namba hiyo mwanzoni mwa ripoti, isome kabla ya kwenda kulala. Spini na obiti vikiwashwa kila bendi inabeba elektroni moja tu, hivyo bendi 64 za kwanza ndizo zenye kujaa. Omba 90 ili bendi ya pz isikatwe juu. Kikomo cha nishati cha mawimbi kiwe Ry 90 (Ry ni rydberg, kipimo cha nishati) na cha wingi wa elektroni Ry 360.

Sasa ile namba ya milielektronivolti. Miongozo mingi inaweka upana wa ulainishaji, degauss, yaani ukungu unaotiwa kati ya hali zilizojaa na zilizo tupu, kwenye Ry 0.02, kwa kuwa hesabu inatulia haraka. Ry 0.02 ni milielektronivolti 272. Hata 0.01 ni milielektronivolti 136, sawa na kuipasha fuwele elektroni zake zaidi ya kelvini 1,500. Vifuko vyetu vina makumi ya milielektronivolti. Kiwango cha Fermi kinayumba, kifuko kinatokea au kinapotea, na mchoraji anaona ni fizikia. Anza na 0.01 ili hesabu itulie, kisha shuka hadi 0.002 huku ukiongeza nukta za k kutoka 12×12×8 hadi 20×20×12 au zaidi. Kiwango cha Fermi kikiendelea kuhama kwa zaidi ya milielektronivolti 5, hujamaliza.

Halafu njia ya kuchorea. Kwa sababu fuwele ni ya matabaka, watu wanachora Γ–X–M–Γ na kufunga faili. Njia hiyo yote ni ya ulalo, na mpinduko wa bendi uko Γ–Z. Mchoro uliochapishwa kwenye makala, kwa herufi zilizokuwa chini yake, haukuwa na Z kabisa! Anayetaka kusema habari za topolojia ya chuma hiki achore Γ–Z kwa nukta zisizopungua 60, maana pengo ni la milielektronivolti kumi hivi, na nukta zikiwa chache mistari inayounganishwa na programu ya kuchorea itavuka pasipo na makutano au itaachana penye makutano.

Kuna mtego mwingine mdogo wa rangi. Spini na obiti vikiwa vimewashwa, projwfc, sehemu ya programu inayoonyesha kila bendi ni ya obiti ipi, haitoi tena pz, dxz na dyz. Inatoa makundi ya j na mj, yanayojumlisha spini na obiti pamoja. Mtu akijumlisha safu asizozielewa na kuziita pz, rangi zitakuwa nzuri na maana hakuna. Fanya kwanza hesabu bila mwingiliano, utambue pz ni ipi, ndipo uifuatilie kwenye hesabu ya pili.

Kuhusu umeme kukatika, ambao hapa unahusu kila mtu: programu hii inaweza kuendelea ilipoishia pale tu iliposimama kwa hiari yake. Ikizimwa ghafla, faili za katikati huenda zikaharibika na hesabu ikaanza upya. Weka max_seconds kuwa 7200, iwe inajisimamisha kila baada ya saa mbili, kisha iamshe kwa restart_mode ya restart. Hesabu ya kwanza ikishatulia, nakili folda nzima pembeni kabla ya kuanza bendi.

Baada ya yote hayo bado hujafika kwenye topolojia. Umbo la bendi linaweza kuonekana limepinduka na lisiwe. Kipimo ni pariti kwenye nukta nane zinazojirudia zenyewe: Γ, Z, M, A, X mbili na R mbili. X zinakuja kwa jozi na R vilevile, hivyo zinajifuta zenyewe, na kwa fuwele hii mabadiliko yanayoamua yanatokea kati ya Γ na Z. Hesabu bendi kwa namba zake, mpaka lile tawi la chini tulilolitaja, usizihesabu kwa mstari mlalo wa nishati, kwa kuwa hiki ni kitu chenye vifuko na mstari huo utakata bendi katikati. Kwenye nukta za mpakani programu ya kawaida mara nyingi inakataa kutaja ulinganifu, kwa sababu baadhi ya mapinduko ya P4/nmm yanakwenda na msogeo wa nusu seli. Usilazimishe, tumia IrRep, programu ya kutambua ulinganifu wa bendi, ambayo inasoma matokeo ya Quantum ESPRESSO. Njia ya pili ni kutengeneza mfano wa Wannier, yaani muhtasari wa bendi kwa obiti chache, wenye obiti 10 za d na 6 za p, mara mbili kwa ajili ya spini, halafu kuupeleka kwenye programu ya WannierTools inayokokotoa topolojia. Njia mbili zikitofautiana, kosa karibu daima liko kwenye idadi ya bendi uliyochagua.

Na FeSe yenyewe, ukifanya haya yote vizuri, haitakupa ule mpinduko. Inayotafutwa ni Fe(Te,Se), maarufu ikiwa na teluriamu 0.55 na seleniamu 0.45, inayogeuka supakondakta kwenye kelvini 14 na nusu hivi. Mwanafunzi mwerevu atachukua seli ya atomu nne, aondoe seleniamu moja na kuweka teluriamu, apate nusu kwa nusu. Akifanya hivyo ameua kitovu cha kupindulia, na pariti haipo tena ya kusomwa. Atumie seli kubwa iliyopangwa ili kitovu kibaki, au achukue vipimo vya fuwele ya mchanganyiko na kuvijaza kwa atomu za wastani, akikiri kwamba ni makadirio. Kutoka FeSe hadi FeTe urefu c unapanda toka angstromu 5.5 hadi 6.3 hivi, na urefu wa atomu juu ya chuma toka 1.47 hadi karibu 1.77, kwa hiyo vipimo vya kati vina uzito kuliko jina la programu.

Maabara nazo zinabanwa na jambo hilohilo la vipimo. Gramu 10 za mchanganyiko wa 0.55 zinahitaji chuma gramu 3.457, teluriamu 4.344 na seleniamu 2.200. Chuma kikizidi kwa gramu 0.1 tu, umetengeneza fuwele yenye asilimia 3 ya chuma cha ziada, ambacho kinajipenyeza kati ya matabaka, kina usumaku wake, na kinadhoofisha supakondakta. Ndiyo sababu fuwele hizi huchomwa tena kwa joto la chini baada ya kukua, ili kukiondoa. Mwandishi wa habari akiona maabara mbili zimepata matokeo tofauti kutoka kwenye "kitu kilekile", aulize kwanza chuma cha ziada ni kiasi gani.

Ushahidi wenyewe basi uko wapi? Uko kwenye vipimo. Hesabu za mwaka 2015 zilisema mchanganyiko wa seleniamu na teluriamu nusu kwa nusu una mpinduko. Mwaka 2018 kundi la Peng Zhang na Shik Shin, Tokyo, lilipiga uso wa fuwele ya 0.55 kwa leza na kupima nishati na mwelekeo wa elektroni zilizoruka. Waliona koni ya Dirac, ncha yake ikiwa milielektronivolti 4.4 tu chini ya kiwango cha Fermi, spini zikiwa zimefungamana na mwendo, na pengo la supakondakta la milielektronivolti 1.8 likifunguka juu ya koni hiyo fuwele ilipopozwa. Linganisha 4.4 na ule ulainishaji wa 272, Mhariri, utaona kwa nini tunalalamika.

Hesabu ya kawaida isingeweza kuipata 4.4 hiyo hata ikifanywa bila kosa. Elektroni za chuma zinasukumana na kupanga spini zao pamoja ndani ya atomu, na hilo linazifanya nzito. Bendi zilizopimwa ni nyembamba kuliko za hesabu kwa mara mbili hadi tatu, na dxy huzidi hapo. Vifuko navyo ni vidogo kuliko vya hesabu. Kuzigawanya bendi zote kwa tatu, kama wengine wanavyofanya ili mchoro ufanane na vipimo, hakusaidii, kwa kuwa kila obiti ina kiwango chake cha uzito na pz, isiyo ya chuma, haibanwi kama d. Makutano yanahama. Kuna mbinu nzito zaidi zinazoingiza msukumano huo, ila hizo zinadai mashine kubwa.

Kuhusu Majorana, makala ilisema "imepatikana". Mwaka 2018 kundi la Hong Ding na Hong-Jun Gao, Beijing, lilitumia darubini ya sindano kwenye baridi ya karibu nusu kelvini na kuona kilele cha nishati sifuri katikati ya baadhi ya voteksi za fuwele hiyo. Sababu ya kuchagua kitu hiki inaonekana kwenye namba zilezile: ngazi za kawaida ndani ya voteksi zinaachana kwa kadiri ya mraba wa pengo ukigawanywa kwa kina cha bendi, yaani 1.8 mara 1.8 kugawanya kwa 4.4, takribani milielektronivolti 0.74. Kwenye nusu kelvini ukungu wa joto ni kama 0.15. Kilele cha sifuri kinaweza kutenganishwa na jirani zake, jambo ambalo kwenye supakondakta za kawaida haliwezekani kwa kuwa ngazi zake zimesongamana mno. Lakini si kila voteksi inayo kilele hicho, na vipimo vya baadaye vya Japani vilionyesha kwamba idadi ya zinazokionyesha inapungua kadiri uga wa sumaku unavyoongezwa. Kilele cha sifuri ni dalili nzuri. Kusuka voteksi mbili, yaani kuizungusha moja kuizunguka nyingine, na kusoma tofauti, ambalo lingekuwa neno la mwisho, ni kazi nyingine.

Ombi letu ni dogo. Gazeti likichapisha tena mchoro wa namna hii, chini yake pawe na mambo manne: urefu wa seleniamu au teluriamu uliotumika na kama umepimwa au umekokotolewa, mwingiliano wa spini na obiti umewashwa au la, ulainishaji kwa milielektronivolti, na kama njia ya Γ–Z imo. Maneno hayo yanaenea kwenye mistari miwili. Na mchoro uliokwisha kutoka tungependa usahihishwe kwa kutaja kwamba ulikuwa wa FeSe iliyolegezwa, kama mwandishi atathibitisha, kwa sababu umbali kati ya bendi zake unalingana na seleniamu iliyoshushwa.

Walimu wa fizikia,
Nyamagana, Mwanza